Chuma cha kulehemu hakipati moto: pima kwanza, fungua baadaye

Swali hili haliishi, hasa kutoka kwa vijana walioanza juzi kutengeneza redio na chaja nyumbani: "Fundi, chuma changu cha kulehemu kimekufa. Ninunue elementi ama ninunue kingine?" Usinunue chochote bado. Chuma cha kulehemu ni kifaa rahisi mno. Ndani mna waya mwembamba uliosokotwa, ndio elementi, stima ikipita unapata moto, basi. Kikiwa baridi, stima imekatika mahali fulani kati ya soketi ya ukutani na huo waya. Mara nyingi imekatika mahali ambapo huhitaji hata kufungua mpini, na ndiyo maana tutaanza nje tukielekea ndani.

Maelezo haya ni ya vyuma vya kawaida vya kuchomeka ukutani, vya wati 25 hadi 100, aina inayojaa kwenye vibanda vya Luthuli Avenue na River Road jijini Nairobi. Vile vyenye kidude cha kuzungusha kuongeza na kupunguza moto vimo pia. Stesheni, zile zenye boksi lake la kudhibiti joto mezani, nimezigusia mwishoni kwa ufupi.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Mita ya kidijitali. Ya bei ya chini inatosha kabisa kwa kazi hii.
- Bisibisi mbili ndogo, ya nyota na ya bapa.
- Koleo ya kukatia na kuchuna waya.
- Fyuzi ya plagi ya ampea 3. Ndiyo yenye rangi nyekundu.
- Waya laini wa nyuzi tatu, mita moja na nusu hivi, iwapo wa zamani utakuwa umeoza. Wa mpira ni bora kuliko wa plastiki, kwa sababu ukiguswa na ncha ya moto hauyeyuki upesi.
- Viunganishi vidogo vya kauri au vya chuma vya kubana, pamoja na mrija wa nyuzi za kioo wa kufunika viungo vilivyo karibu na joto.

Tesa, ile bisibisi yenye taa, sijaiweka kwenye orodha, na si kwa kusahau. Tesa inakuonyesha kwamba laivu, waya unaoleta stima, ipo. Haikuonyeshi kwamba nyutro, waya unaoirudisha, ipo. Waya wa nyutro ukikatika, laivu inapita kwenye elementi na kutokea upande wa pili, tesa inawaka kwenye nyaya zote mbili, nawe unaapa kwamba stima inafika vizuri huku chuma kikiwa baridi kama barafu. Watu wengi wamebadilisha elementi nzima kwa ushahidi wa tesa.

Onyo kabla ya chochote: stima ya Kenya ni volti 240, na inaua. Hatua zote za kufungua na kupima chuma hapa chini zinafanywa plagi ikiwa imetoka ukutani. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi. Chomoa, kisha iweke plagi juu ya meza mbele ya macho yako, ili mtu mwingine nyumbani asije akaichomeka kwa wema wake.

Hesabu moja tu

Zidisha volti kwa volti, gawa kwa wati. Hapo unapata ukinzani ambao elementi nzima inapaswa kuonyesha kwenye mita. Kwa 240 mara 240 tunapata 57,600, kwa hiyo:

- wati 25: omu 2,300 hivi
- wati 30: omu 1,920
- wati 40: omu 1,440
- wati 60: omu 960
- wati 100: omu 576

Kama mpini umeandikwa volti 220, tumia 48,400 badala ya 57,600. Cha wati 40 kitakuwa omu 1,210. Usitafute namba kamili hadi mwisho. Ikipungua au kuzidi kidogo, hakuna neno.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Ukiweka mita kwenye sehemu ya mlio, chuma kizima hakitalia. Mlio hutokea ukinzani ukiwa mdogo sana, makumi ya omu tu, na elementi ina mamia au maelfu. Kimya hicho si kifo cha elementi. Mtego wa pili ni ule wa kuweka mita kwenye 2k. Chuma cha wati 25 kina omu 2,300, kinapita uwezo wa hiyo sehemu, na mita itaandika "1" upande wa kushoto kana kwamba waya umekatika. Weka 20k, nawe utakuwa salama kwa vyuma vyote nilivyotaja.

Hatua

1. Hakikisha kweli ni baridi. Kichomeke, kiweke kwenye stendi dakika tano, kisha gusa shingo yake ya chuma (si ncha) kwa kitambaa kilicholowa. Kikitoa sauti ya kuungua na mvuke, chuma chako ni kizima. Tatizo lako ni ncha. Ncha iliyoungua ikawa nyeusi haipitishi joto, lehemu inajikunja vidonge na kudondoka, na mtu anasema "hakipati moto". Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho. Kikiwa baridi kweli, chomoa na uendelee.

2. Ijaribu soketi. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile, na kwenye ekstensheni ile ile. Usicheke. Tokeni huisha, swichi ya ekstensheni hujizima ikisukumwa na mguu chini ya meza. Kuna na hili la kwetu: vyuma vingi vya bei rahisi huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na mtu, badala ya kununua adapta, anachokoa tundu la juu la soketi kwa kifuniko cha biro ili pini ziingie. Zinaingia, lakini zinakaa zikilegea. Leo chuma kinashika moto, kesho hakishiki, keshokutwa soketi imeungua pembeni. Kama ndivyo unavyofanya, kata hiyo plagi leo hii uweke ya pini tatu yenye fyuzi. Huenda ukawa umemaliza ukarabati wote hapo.

3. Fungua plagi. Toa fyuzi, ipime kwa sehemu ya mlio. Nzima italia. Imekufa? Usiharakishe kuweka nyingine. Chuma cha wati 40 kinavuta ampea 0.17 tu, hakiwezi kuunguza fyuzi ya ampea 13, wala ya 3, kwa kazi yake ya kawaida. Fyuzi iliyoungua inakuambia nyaya zimegusana mahali, kwa hiyo fanya hatua ya nne kabla ya kuwasha tena. Na usifunge waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Angalia pia skrubu za ndani: waya wa kahawia uwe kwenye laivu (upande wa fyuzi), wa buluu kwenye nyutro, wa kijani na njano kwenye athi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), na zote ziwe zimekazwa. Mara nyingi unakuta nyuzi mbili tu za shaba ndizo zimeshikilia, nyingine zilikatwa wakati wa kuchuna.

4. Pima kwenye pini za plagi. Rudisha fyuzi nzima, weka mita kwenye 20k, gusa pini ya laivu na ya nyutro. Kipimo hiki ndicho kitakachokuambia kama kuna haja ya kufungua mpini. Ukipata namba inayokaribiana na hesabu yetu, njia yote ni nzima, kutoka plagi hadi elementi na kurudi, na lawama irudi kwenye soketi. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Usikichomeke tena kabla hujaona zilipogusana. Ukipata "1" au "OL", njia imekatika, tuendelee.

 Kwa chuma chenye kidude cha kuzungusha moto, kipimo hiki hakihesabiki. Ndani ya mpini kuna kibodi (bodi ndogo ya saketi) chenye traiaki, swichi ya kielektroniki inayozuia njia mpaka ipate stima yenyewe, kwa hiyo mita itasema "1" hata kama elementi ni mpya kabisa. Ruka hadi hatua ya sita.

5. Kunja waya taratibu. Mwombe mtu ashikilie mita kwenye pini, au tumia klipu za mamba. Anzia pale waya unapoingia kwenye mpini. Ukunje, uusukume ndani kidogo, uusogeze sentimita moja, ukunje tena, macho yako yasitoke kwenye mita. Namba ikiruka ghafla kutoka "1" hadi 1,400 na kupotea tena, umepapata. Vyuma vingi vilivyoletwa kwangu vikiwa "vimekufa" vilikuwa vimekatika hapa, kwenye sentimita tano za kwanza baada ya mpini, kwa sababu tunazungusha waya kwenye mpini tukimaliza kazi. Nje unaonekana mzima. Ndani shaba imekatika, na ukiubonyeza kwa vidole unasikia mahali palipolegea.

6. Fungua mpini. Skrubu ni mbili au tatu. Kwingine ni pete ya kuzungusha shingoni. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa waya wowote. Utaona nyaya za plagi zimekutana na nyaya za elementi kwenye viungo vya kubana. Tafuta kiungo kilichogeuka cheusi, kilicholegea, au waya uliokaushwa na joto ukavunjika kama njiti.

7. Pima elementi yenyewe. Weka ncha za mita kwenye nyaya mbili zinazotoka kwenye elementi, kabla ya kiungo chochote. Namba ya kawaida inamaanisha elementi ni nzima na kosa liko kwenye waya, kiungo au kibodi. "1" inamaanisha elementi imeungua. Kwa elementi ya kauri usishtuke ukipata namba ya chini kuliko hesabu, kwani nyingine huanza na ukinzani mdogo zikiwa baridi na kupanda zikishika moto.

8. Kama ni waya: kata sentimita tano au sita kupita pale palipokatika, chuna upya, unganisha. Waya wote ukiwa umekakamaa, weka mwingine. Upitishe kwanza kwenye mpira wa shingo na kibanio cha ndani kabla ya kuunganisha (utasahau, kila mtu husahau, na utafungua tena). Athi ikiwepo, lazima irudi kwenye mwili wa chuma. Viungo vibane kwa kiunganishi. Usivilehemu, maana mpini hupata joto na waya wa elementi haushiki lehemu vizuri. Tepu nyeusi ya umeme nayo haina kazi humu ndani. Itayeyuka, gundi itatiririka, na baada ya mwezi nyaya zitagusana. Mrija wa nyuzi za kioo ndio unaofaa.

9. Kama ni elementi: toa ncha, legeza skrubu za shingo, vuta elementi polepole. Ibebe ile ya zamani mkononi uende nayo dukani. Usieleze kwa mdomo. Linganisha volti, wati, unene, urefu, na kama ncha inaingia ndani ya elementi au elementi inaingia ndani ya ncha. Uliza bei ya elementi, halafu uliza bei ya chuma kipya kama hicho. Kwa vyuma vya chini kabisa tofauti huwa ndogo, na hapo mimi hununua kipya na kuweka cha zamani kwa ajili ya mpini na waya. Kwa chuma kizuri chenye ncha za kubadilisha, elementi inastahili.

 Wapo wanaojaribu kuunga waya wa elementi uliokatika katikati. Ukikatika mwishoni, nje ya mika (ile karatasi ngumu inayozuia stima na kustahimili joto), unaweza kuubana na ukafanya kazi. Katikati usihangaike: ukiufupisha ukinzani unapungua, wati zinapanda, na unakatika tena.

10. Pima usalama kabla ya kuwasha. Funga mpini. Weka mita kwenye sehemu ya juu kabisa ya omu. Gusa pini ya laivu na shingo ya chuma, halafu nyutro na shingo. Zote mbili zibaki kwenye "1" au "OL". Usishike chuma cha ncha zote mbili za mita kwa vidole, maana mwili wako nao utapimwa. Kisha, kwa chuma chenye athi, pini ya athi na shingo ziwe karibu na sifuri. Laivu ikionyesha namba yoyote ndogo kwenye shingo, chuma hicho kinarusha shoti. Kisiwashwe. Kwa cha pini mbili hatua hii ni muhimu zaidi, kwa kuwa hakuna athi ya kukuokoa.

11. Washa. Kiweke kwenye stendi, simama kando, chomeka. Elementi mpya hutoa moshi kidogo dakika za kwanza, na hilo ni la kawaida. Moshi mzito wenye harufu ya plastiki kutoka kwenye mpini si wa kawaida, chomoa. Ncha ikianza kuyeyusha, ipake lehemu yote ing'ae kabla haijaungua.

Makosa yanayoua chuma kilichotoka kutengenezwa

Kubwa kuliko yote ni kukitumbukiza ndani ya maji ili kipoe haraka. Kauri hupasuka, maji huingia kwenye mpini, na kazi yote inarudi mwanzo. Kiache kipoe chenyewe. La pili ni kugongagonga ncha mezani kuondoa lehemu. Tumia sponji yenye unyevu au waya wa shaba wa kusugulia. La tatu ni kuzungusha ncha iliyokwama kwa nguvu za koleo. Utavunja elementi iliyo ndani. Toa ncha mara kwa mara chuma kikiwa baridi, futa ile poda nyeusi, rudisha.

Na lehemu ya kawaida ina risasi. Nawa mikono kabla ya kushika mandazi, na fungua dirisha.

Bado kinasumbua?

*Kinapata moto lakini hakiyeyushi.* Angalia ncha. Ikiwa nyeusi, ipake flaksi (dawa inayosafisha chuma ili lehemu ishike) na lehemu mbichi ikiwa moto, isugue kwenye sponji, rudia. Usiipige tupa kabla ya kujua ni ya aina gani: ya shaba tupu unaweza kuipiga tupa, lakini ile inayong'aa kama fedha ina ngozi ya chuma juu ya shaba, na ukiitoboa ncha italiwa na lehemu ndani ya siku chache. Hakikisha pia ncha imeingia hadi mwisho na skrubu yake imekazwa. Kisha angalia lehemu yenyewe. Ya bati 60 kwa risasi 40 huyeyuka karibu na nyuzi 190, lakini isiyo na risasi inataka nyuzi 217 au zaidi, na chuma cha wati 25 kinaweza kulemewa nayo kwenye kiungo kikubwa.

*Mchana kinafanya kazi, jioni kinazembea.* Pima volti za nyumba, na kwa hili kuwa mwangalifu, soketi iko hai. Jioni mtaa mzima ukipika na kupasha maji, stima inaweza kushuka. Ikifika volti 200, chuma cha wati 40 kinatoa wati 28 tu. Usilaumu urefu wa ekstensheni, kwani kwa ampea 0.17 hauleti tofauti yoyote ya maana. Laumu viungo vyake vilivyolegea.

*Kiliwaka sana mara moja, kikafa.* Soma mpini. Vyuma vilivyoletwa na ndugu kutoka Marekani huwa vya volti 120. Kwenye 240 kinavuta nguvu mara nne. Elementi imekwenda, na ukiweka ya aina ile ile itakwenda pia. Tafuta ya 240 au transfoma.

*Kina kidude cha kuzungusha, elementi ni nzima, lakini hakuna moto.* Angalia miguu ya kidude hicho kwenye kibodi. Huwa inapasuka lehemu kwa kuzungushwa. Utahitaji kuazima chuma cha jirani ili utengeneze chako. Miguu ikiwa sawa, shuku traiaki. Ukiona elementi ina nyaya nne badala ya mbili, mbili ni za kipima joto. Usithubutu kuruka kibodi na kuiunganisha moja kwa moja na stima.

*Ni bunduki ya kulehemu, ile ya kubonyeza kitufe.* Kaza nati mbili zinazoshika waya wa mbele, baada ya kusugua mahali zinapogusana. Kwa bunduki nyingi dawa ni hiyo tu.

*Ni stesheni.* Elementi yake mara nyingi ni ya volti 24, kwa hiyo hesabu yetu ya juu haihusiki. Kwenye mpini wa Hakko 936, elementi ya moto husoma omu 2.5 hadi 3.5 ikiwa baridi, na kipima joto omu 43 hadi 58. Nakala zake nyingi zinafuata mpangilio huo lakini si zote, kwa hivyo ukikuta namba tofauti linganisha kwanza na mpini mzima wa aina ile ile kabla ya kununua kitu.